Masta ya tiba kwa vitendo ukiwa Moshi au Arusha: pa kuanzia na pa kupitia

Ukifanya kazi ya tiba kwa vitendo kwa miaka michache, swali la masta linaanza kukufuata. Linatoka kwa mkuu wa idara, linatoka kwa shemeji, linatoka kwa wanafunzi wa fildi wanaotaka kujua njia inaelekea wapi. Mwongozo huu ni kwa mtu wa aina hiyo, na pia kwa yule mwenye digrii ya saikolojia, elimu maalumu au biolojia anayeiangalia fani yetu kwa nje na kutaka kuingia.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nasi: sisi ni watu wa utengamao. Mzee aliyepata kiharusi tunamsaidia arudi kuoga, kuvaa na kushika kijiko mwenyewe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo tunamtafutia namna ya kukaa ili aweze kula na kucheza. Kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo tunakaa naye tuone atapata riziki vipi akiwa kwenye kiti mwendo. Ukanda huu umebahatika, kwa sababu hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 imekuwa kwa muda mrefu makao ya mafunzo ya utengamao. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wa fiziotherapia na wa viungo bandia wanafundishwa pale karibu karibu, na kituo cha viungo bandia, TATCOT, kilianza mwaka 1981. Ukiwa Moshi, mtu wa kumuuliza hakosekani.

Hatua ya kwanza: jua unaingilia mlango gani

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Kuna shahada mbili za uzamili zinazoitwa kwa jina moja.

Ya kwanza ni ya kuingia kwenye fani. Inachukua mtu mwenye digrii ya kitu kingine na kumfanya mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Uingereza kwa kawaida ni miaka miwili, na ukimaliza unaomba usajili kwenye baraza lao, HCPC. Marekani chuo lazima kiwe na ithibati ya ACOTE, mafunzo ya mwisho ya kazini hayapungui wiki 24 za kutwa nzima, kisha kuna mtihani wa NBCOT kabla ya leseni. Vyuo vingine kule vimehamia kwenye udaktari wa fani badala ya uzamili, na njia zote mbili zinakubalika. Popote utakapokwenda, Shirikisho la Dunia la taaluma hii, WFOT, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka mwanafunzi amalize angalau saa 1,000 za mafunzo na wagonjwa au wateja halisi kabla hajaitwa mtaalamu.

Ya pili ni ya mtu ambaye tayari ni mtaalamu. Haikupi leseni mpya. Inakupa utafiti, ubobezi na uwezo wa kufundisha au kuongoza. Uingereza nyingi ni za mwaka mmoja. Afrika Kusini, ambako vyuo kama Cape Town, Stellenbosch na Witwatersrand vina mizizi mirefu katika fani hii, utakuta masomo ya darasani pamoja na tasnifu, au tasnifu peke yake.

Mtaalamu aliyekwisha sajiliwa akijiandikisha ile ya kwanza, atajikuta analipa ada kubwa kufundishwa tena namna ya kumvalisha shati mtu aliyepooza upande mmoja. Na mwenye digrii ya saikolojia akijiandikisha ile ya pili, atarudi na cheti kizuri ambacho hakimruhusu kumgusa mgonjwa. Kwenye tangazo la chuo tafuta sentensi moja tu: ukimaliza, unastahili kuomba usajili wa taaluma, ndiyo au hapana? Ikiwa haimo, waandikie barua pepe na subiri jibu la maandishi.

Mwenye diploma ana kazi moja ya ziada. Kwenye ngazi zetu diploma ni ngazi ya 6 (NTA 6), digrii ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili ni ngazi ya 9. Mapengo hayo hayarukwi kwa uzoefu wa kazini, hata uwe umefanya kazi tangu wodi zilipopakwa rangi ya kwanza. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, cha mwaka husika, uone digrii ya fani hii inatolewa wapi na diploma yako inaingia kwa sifa gani. Ukifika huko linda GPA. Kwa digrii ya kwanza, 2.7 ndiyo mstari ambao vyuo vyetu vingi havishuki chini yake kwa uzamili, na walio wengi wanaoachwa nje huwa wamekosa pointi kidogo sana walizozidharau mwaka wa pili. Wakala akikuambia kuna chuo nje kinachukua diploma moja kwa moja, usimbishie, ila waulize TCU kwa maandishi kama tuzo hiyo itatambuliwa, kabla hujalipa hata shilingi.

Hatua ya pili: swali kabla ya chuo

Watu huanza na chuo. Nadhani ni kinyume. Anza na jambo linalokusumbua kazini, kwa sababu ndilo litakalochagua msimamizi, na msimamizi ndiye atakayekuambia chuo kipi. Pia ndilo litakaloandika barua yako ya maombi. Wasomaji wa maombi wamechoka na "nimekuwa na ndoto ya kusaidia jamii tangu utotoni".

Ukanda huu una maswali ya kutosha. Chukua maji ya kuzunguka Mlima Meru. Yana floraidi nyingi, na sehemu nyingine magadi ya kupikia yanaongeza. Meno ya kahawia kila mtu ameyaona Arusha. Lakini wapo watoto ambao miguu yao inapinda, wanafanyiwa upasuaji wa kunyoosha, na baadhi yao hukaa The Plaster House pale Arusha hadi wapone. Mifupa ikishanyooka, mtoto anarudije kuchota maji, kuchunga, kutembea hadi shule ya mbali, kucheza na wenzake waliokuwa wakimcheka? Hilo ni swali la tiba kwa vitendo kabisa, na ripoti ya daktari wa mifupa haitalijibu.

Au chukua Hai. Wilaya hii imesomwa kuliko nyingi: mradi wa kuhesabu wagonjwa wapya wa kiharusi ulifanyika huko na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, na baadaye utafiti wa ugonjwa wa kusahau kwa wazee, ukiwemo wa tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili. Maana yake, ukiuliza swali lako Hai, huanzii sifuri. Kuna machapisho ya kuyajibu na ya kuyabishia. Kwa mwanafunzi wa masta mwenye muda mfupi hiyo ni zawadi.

Kuna pia ajali za bodaboda na mikono iliyokatika kano, watoto wenye usonji ambao walimu wa madarasa makubwa hawajui wawaweke wapi, watu wa afya ya akili wanaotoka wodini na kurudi kihambani wasipewe kazi yoyote kwa sababu familia inawaogopa. Vituo kama kile cha utengamao cha Usa River au Gabriella pale Moshi vinaona mambo ambayo hayajaandikwa popote. Omba kwenda kukaa siku kadhaa, usikilize wazazi wakiwa wanasubiri. Mzazi kwenye benchi husema mambo ambayo ukimpa dodoso hatayasema.

Kisha kaza swali mpaka lienee kwenye ukurasa mmoja: nani, tatizo gani la shughuli za kila siku, utapima nini, wapi. "Changamoto za watu wenye ulemavu Tanzania" si swali. "Watu waliotoka KCMC baada ya kiharusi wanarudi kufanya nini nyumbani ndani ya miezi sita, na nini kinawazuia" unaweza kulifanyia kazi.

Hatua ya tatu: fedha na mwajiri

Kama umeajiriwa serikalini, hakikisha umethibitishwa kazini na jina lako liko kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujaomba ruhusa ya masomo. Kuondoka kwa maelewano ya mdomo na mganga mfawidhi ni kujitafutia kesi ya utoro, maana mganga huhamishwa na maneno yake huondoka naye. Barua ipite kwa mkurugenzi, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Kuhusu ufadhili nitasema moja linalopuuzwa. Chevening, ambayo watu wengi huikimbilia, hulipia masta ya mwaka mmoja Uingereza na hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na kama miaka miwili. Kwa hiyo ile masta ya miaka miwili ya kuingia kwenye fani haiingii humo, hata barua yako iwe tamu vipi. Inakufaa ukiwa tayari ni mtaalamu. Tena utatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili. Dirisha lake hufunguliwa karibu na Agosti na hufungwa baada ya miezi michache, na mwenye kuanza kuandika wiki ya mwisho huwa anaonekana. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na DAAD wa Ujerumani nao uangalie, ukisoma masharti ya kozi kabla ya masharti ya mwombaji.

Na usidharau kubaki. KCMC, Moshi hapa hapa, inafundisha uzamili wa afya ya jamii. Si tiba kwa vitendo, lakini takwimu na mbinu za utafiti utakazopata ni zile zile, na unaweza kuandika tasnifu yako juu ya wagonjwa wako. Kwa mwenye familia na mshahara mmoja, mimi ningeliweka hili juu ya orodha bila aibu.

Hatua ya nne: makaratasi

Transkripti, vyeti, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, uthibitisho wa usajili wa taaluma. Kagua majina kwanza. Kama cheti cha kidato cha nne kina herufi moja tofauti na pasipoti, shughulikia sasa, si wiki ya viza. Afrika Kusini unaweza kuambiwa vyeti vyako vitathminiwe na SAQA, shirika lao la kutathmini vyeti, nalo lina foleni yake.

Kiingereza: matokeo ya mtihani wa IELTS hudumu miaka miwili, hivyo usifanye mapema mno. Anayepanga kusajiliwa Uingereza ajue HCPC wanataka wastani wa 7.0 na pasiwe na sehemu chini ya 6.5. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi wetu, kwa kuwa tumezoea kuandika maelezo mafupi ya kwenye faili. Andika insha nzima kwa saa, mara kwa mara, na mtu akusahihishe.

Barua za mapendekezo ziombe kwa anayekujua, si kwa mwenye cheo. Mpelekee muhtasari wa swali lako na mambo mawili matatu uliyofanya ukiwa chini yake. Wakubwa wetu ni wema lakini wana kazi nyingi. Usipowakumbusha utaandikiwa kwamba wewe ni mchapakazi na mcha Mungu, basi.

Hatua ya tano: kusoma huku zamu zinaendelea

Machapisho mengi yanaweza kupatikana bila kulipa. Hinari, chini ya mpango wa Research4Life, huwapa watu wa taasisi zilizosajiliwa nchini kwetu majarida ya afya. Mwone mkutubi akupe namna ya kuingia. Jarida la Afrika Kusini la tiba kwa vitendo na lile la Afrika la ulemavu, African Journal of Disability, yako wazi kwa kila mtu. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya ofisini au maktaba, usome nyumbani bila kumaliza bando. Weka marejeo yako kwenye programu ya Zotero tangu siku ya kwanza. Ni bure, na itakuokoa usiku wa mwisho.

Soma makala ukitoka nyuma: jedwali la matokeo, kisha mbinu, ndipo utangulizi. Utangulizi unaweza kukushawishi. Jedwali halina maneno matamu.

Nadharia zitakuchosha mwanzoni. Utakutana na MOHO ya Gary Kielhofner, iliyochapishwa mwaka 1980, inayomwangalia mtu kwa utashi wake, mazoea yake, uwezo wake na mazingira yake. Utakutana na Kawa ya Michael Iwama kutoka Japani, inayochora maisha kama mto wenye mawe, magogo na kingo. Wengine huidharau kwa kuwa inafanana na mchezo wa watoto. Mimi naiona inakubali huku kwetu kuliko nyingi, kwa sababu mzee wa Kibosho aliyekulia kwenye zamu za mfereji hahitaji kufafanuliwa maji yaliyozibwa yanafanyaje. Mpe karatasi na kalamu, kaa kimya.

Jitafutie wenzako wawili wa kusoma nao, hata wa fiziotherapia. Mkutane jioni moja kwa wiki, kila mmoja aeleze makala moja kwa Kiswahili. Ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili, hujaielewa bado.

Hatua ya sita: utafiti wenyewe

Vipimo kwanza. COPM, kipimo cha Kanada, humwomba mteja ataje shughuli hadi tano zinazomsumbua, kisha ajipe alama 1 hadi 10 kwa anavyoifanya kila moja na kwa anavyoridhika nayo. Mabadiliko ya alama 2 huhesabiwa kuwa ya maana. Ni kizuri, ila jiandae kwa mzee atakayekujibu, "Mimi sina tatizo mwanangu, mkwe ananifanyia yote." Hapo hajakwepa swali. Kwake kuhudumiwa ni heshima aliyoifanyia kazi. Muulize basi ni kitu gani anachokikosa: kukaa kwenye vikao vya ukoo, kukagua migomba, kwenda ibadani bila kubebwa. Orodha itakuja.

Kipimo cha Barthel kina vipengele kumi vya kujihudumia, na kimoja kinauliza kupanda ngazi. Nyumba ya Marangu haina ngazi, ina mteremko wa udongo unaoteleza mwezi wa nne, na choo kiko chini ya mteremko huo. Usibadilishe kipengele halafu ukadai bado ni Barthel. Jaza kilivyo, kisha ongeza maswali yako pembeni: mteremko, choo cha shimo, kuoga kwa beseni, kuchochea moto wa kuni. Watahini wataheshimu hilo kuliko kipimo ulichokikata upendavyo. Hai tayari kimetengenezwa kipimo cha shughuli za wazee kinachofuata maisha ya huko. Kitafute kabla hujatunga chako.

Tafsiri ya dodoso ifanywe na mtu mmoja kwenda Kiswahili na mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya kwanza. Kwa bibi anayezungumza Kimaasai au Kichagga peke yake, tafuta mkalimani asiyekuwa mtoto wake. Hakuna mama atakayesema mbele ya mwanawe kwamba haogeshwi vizuri.

Vibali vina ngazi, na usiruke hata moja. Kamati ya maadili ya chuo chako kwanza. Ukisoma nje na kukusanya taarifa hapa, utahitaji pia idhini ya ndani, kwa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, au kamati inayotambulika nchini. Ukishapata, nenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke wilayani, halmashauri na mganga mkuu, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, hadi balozi wa nyumba kumi. Panga miezi, si wiki. Beba nakala nyingi, maana kila ofisi inabaki na yake. Balozi anaonekana mdogo kwenye orodha lakini ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa aliyefichwa chumba cha nyuma.

Ridhaa isomwe kwa sauti, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Majina yakae mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama data yako iko kwenye simu yako. Programu ya KoboToolbox hukusanya majibu bila mtandao na kutuma ukirudi mjini, kitu muhimu ukiwa Longido au upande wa juu wa Rombo. Kwa uchambuzi, jamovi na R ni vya bure. Usinunue programu ya wizi sokoni.

Usianze msimu wa kahawa au wa mvua kubwa kama unataka kuwakuta watu nyumbani. Na Desemba Wachagga wote wako kijijini: wagonjwa utawapata, ila na kaka zao wa Dar watakaotaka kujibu kwa niaba yao.

Hatua ya saba: ukishamaliza

Kama ulisoma nje, peleka tuzo TCU itambuliwe kabla hujaipeleka kwa mwajiri. Kisha peleka cheti na barua ya utambuzi kwa afisa utumishi ili taarifa zako zihuishwe, na baraza linalokusajili lipate nakala. Mganga mkuu wa wilaya aliyekupa kibali mpelekee kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, na nakala nyingine kwa mtendaji wa kata. Uwaombe wakupe nafasi ya kuzisoma kwenye kikao chao kijacho, ukiwa na namba ya simu ya idara juu ya ukurasa, kwa ajili ya yule atakayekufuata nje ya ukumbi akiwa na mgonjwa nyumbani.